Baridi Isiyolipiwa Stima

Baba alifanya kazi kwenye chumba cha baridi cha kiwanda kimoja cha nyama karibu na Athi River kwa miaka ishirini na mitatu. Alitoka nyumbani kwetu Noonkopir, mtaa wa Kitengela, asubuhi na shati la mikono mifupi, akifika kazini anavaa koti zito la kijivu na buti za mpira, anaingia kati ya ng'ombe walioning'inizwa kwenye kulabu na kufunga mlango nyuma yake. Alipostaafu, mwishoni mwa miaka ya tisini, vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa havihisi kitu. Hakulalamika. Alisema tu kwamba yeye anaijua baridi kuliko mtu yeyote Kitengela, maana wengine wanaisikia Julai na yeye aliisikia kila siku isipokuwa Jumapili.

Mimi nilikuwa nafundisha Kifaransa katika shule ya wasichana mjini Kajiado. Wakati Mama angali hai, nilifundisha kwa miaka miwili pamoja na mwanamke Mfaransa aliyekuja kujitolea. Wikendi nilikuwa namleta nyumbani. Alikula muthokoi wa Mama, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaomba aongezewe, na Baba alimpenda kwa sababu hiyo tu. Siku moja akamweleza Baba kwamba kijijini kwao, milimani, theluji inafika dirishani. Baba akauliza nani anaizima. Tulicheka sana, lakini yeye hakuwa anafanya mzaha. Katika maisha yake baridi ilikuwa kitu chenye swichi ukutani, na kila mwezi, mkubwa wa kiwanda alilia juu ya bili ya stima.

Yule rafiki yangu alirudi kwao. Mama akafariki miaka miwili baadaye. Baba akawa mtu wa majibu mafupi. Nikija Ijumaa kutoka Kajiado, namkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, nauliza kama amekula, anasema, "Nimekula," na hayo ndiyo mazungumzo mpaka kesho yake.

Ndipo ikaja barua. Rafiki yangu aliandika kwamba shemeji yake ana vyumba viwili vya wageni pale kijijini, kando ya kituo kidogo cha kuteleza kwenye theluji. Si mahali pa matajiri, alisema. Kuna mashine mbili tu za kuvuta watu mlimani, na moja ni kuukuu. Msimu wa likizo zao bei hupanda, lakini siku chache mwanzoni mwa Desemba, kabla shule zao hazijafungwa, kijiji huwa kitupu na vyumba karibu ni vya bure. Shida ni moja: wakati huo theluji huwa haijaamua. Mwaka mwingine inakuja, mwaka mwingine mnakuta nyasi. "Uje na mtu mmoja," aliandika. "Lakini uelewe ni bahati nasibu."

Nilimsomea Baba barua hiyo nikiitafsiri polepole. Nilipomaliza akasema, "Soma tena pale pa theluji."

Nikasoma tena.

"Huyo mtu mmoja," akasema, "umeshamchagua?"

Kaka yangu mkubwa alipopata habari alikuja na gari lake Jumapili baada ya kanisa. Miaka hiyo kila mtu Kitengela alikuwa ananunua ploti. Ukisimama njiani kufunga kamba ya kiatu, mtu anakuja na ramani. Pesa zangu za chama cha kuweka akiba zilikuwa za ploti, na yeye alijua.

"Watu wananunua shamba," alisema, "nyinyi mnaenda kununua baridi?"

"Nimeuza baridi miaka ishirini na mitatu," Baba akamjibu. "Wacha na mimi ninunue kidogo."

Lilikuwa jibu refu kuliko yote niliyosikia kutoka kwake tangu mazishi. Kaka alimwangalia, akaniangalia mimi, akasema atatupeleka uwanja wa ndege.

Tulipanga kwa miezi minane. Tiketi tulikata mapema kabisa, ya ndege inayolala Arabuni karibu siku nzima, kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi. Rafiki yangu alikwenda ofisi ya meya wa kijiji chao akapata barua ya mwaliko yenye mhuri. Chakula tungepika wenyewe. Baba aliamua tutabeba unga, na hakuna aliyeweza kumbadilisha. Mbao za kutelezea tungeazimwa na jirani mmoja mzee aliyekuwa nazo ghalani tangu ujana wake.

Zilibaki nguo. Orodha aliyonitumia rafiki yangu ilinishinda: suruali isiyoingiza maji, jaketi lenye mkanda wa ndani wa kuzuia theluji, glavu za aina fulani. Nikaisoma getini pa shule huku nikingoja kufunguliwa, na nilipoinua macho nikaliona jaketi lenyewe. Alikuwa amelivaa mlinzi wetu, Mmasai wa makamo niliyekuwa namsalimia kila asubuhi kwa miaka. "Sopa," "Ipa," tunapita. Sikuwahi kulitazama lile jaketi lake kubwa la buluu. Siku ile nilimwomba alifungue nione ndani. Mkanda ulikuwepo. Na kwenye zipu ya mfuko, kwa uzi mwembamba, kulikuwa kumening'inia kikaratasi kigumu kilichopauka, chenye picha ya mlima mweupe na maneno ya Kifaransa: tiketi ya siku moja ya kupanda na kuteleza.

"Hii ulinunua wapi?"

"Mitumba, hapa Kajiado. Hiyo karatasi ilikuja nayo. Niliiacha, nikafikiri ni dawa ya wadudu."

Nilimsomea. Nikamweleza kwamba mtu fulani alilivaa jaketi hilo akapanda nalo mlimani juu kwenye theluji, na sasa liko hapa linalinda wasichana mia nne. Akainama kulitazama kana kwamba ni mnyama wa mtu mwingine aliyeingia kundini mwake. Sikuwa nimeomba chochote, lakini akalivua.

"Mpelekee mzee wako. Liende lisalimie kwao," akasema. "Lakini unirudishie. Usiku hapa ni baridi."

Suruali mbili nilizipata kwenye soko la mitumba la Kitengela, chini kabisa ya rundo, ambako muuzaji aliniambia hizo hununuliwa na watu wa kupeleka maziwa alfajiri. Baba hakutaka kuamini nguo kwa macho. Alimpigia simu mwenzake wa zamani kiwandani, na Jumamosi moja tukaruhusiwa kuingia chumba cha kugandishia. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza. Mlango ulipofungwa, pumzi yangu ikatoka kama moshi, na nywele za puani zikasimama. Kuta zilikuwa zimefunikwa na barafu nyeupe kama unga wa ugali uliomwagika. Nikafikiri: huyu mtu alishinda humu, kila siku, ili mimi nisome Kifaransa. Sikuwahi kuliona jambo hilo hivyo. Nilitaka kumwambia kitu lakini meno yalikuwa yanagongana.

Yeye alikuwa anatembeatembea ndani ya jaketi la mlinzi, anakunja magoti, anajaribu kuchuchumaa.

"Baridi haianzi kifuani, mwalimu," akasema. "Inaanza miguuni. Soksi mbili, ya ndani ya pamba. Na usisimame."

Ubalozini, mwanamke wa dirishani alizungumza nami Kifaransa, halafu akamgeukia Baba kwa Kiswahili na kumuuliza anakwenda Ufaransa kufanya nini. Nilikuwa nimemfundisha jibu zuri kuhusu utalii na mwaliko wa rafiki. Akaliacha.

"Naenda kuona baridi isiyolipiwa stima," akasema.

Yule mwanamke aliweka kalamu chini. "Umesema?"

Baba akamweleza kazi yake, mashine, bili, ule mlango. Akamweleza kwamba ameambiwa kuna mahali baridi inashuka yenyewe, hakuna fundi, hakuna mafuta ya jenereta, na watoto wanaichezea. Watu waliokuwa foleni nyuma yetu walisogea karibu. Mimi nilijua tumeshindwa. Baada ya siku kumi tulirudi kuchukua pasipoti, na viza zilikuwemo zote mbili.

Novemba ikaingia, na rafiki yangu akaniandikia kwenye barua pepe kwamba kituo chao sasa kina kamera inayotuma picha kwenye intaneti, mpya kila baada ya dakika kumi. Kila Ijumaa nikishuka Kitengela nilipitia saiba ya mama mmoja, chumba cha kompyuta za intaneti kilichokuwa juu ya duka la dawa za mifugo, nalipa, nangoja. Picha ilifunguka kutoka juu kwenda chini, mstari kwa mstari: mbingu, mlima, paa la nyumba, uwanja. Nyasi. Wiki iliyofuata, nyasi. Wiki ya tatu, nyasi na ng'ombe mmoja. Nilikuwa namwambia Baba, naye anaitikia kwa kichwa, na siku ya ng'ombe akauliza kama amenona.

Ijumaa ya mwisho kabla ya safari akasema atakuja mwenyewe. Alipanda ngazi akiwa na kofia yake ya kanisani. Mama wa saiba akampa kiti. Picha ikaanza kufunguka. Mbingu ya kijivu. Halafu palipokuwa mlima pakaja weupe, mstari mmoja, mwingine, nikadhani kompyuta imekwama. Haikuwa imekwama. Weupe ukaendelea kushuka, ukafunika paa, ukafunika uwanja, na chini kabisa akatokea mtu, doa dogo jeusi, ameinama na koleo.

Mama wa saiba alikuja nyuma yetu, wateja wawili nao wakaja. Nje jua la Kitengela lilikuwa linawaka, na kupitia dirisha tulisikia mbuzi wakipakiwa kwenye pikapu.

"Hii ni ya leo?" Baba akauliza.

"Ni ya sasa hivi. Dakika hizi."

Akasogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. "Huyo mwenye koleo anajua tunamwona?"

"Hajui."

Baba akavua kofia. Tulikaa tukangoja picha nyingine, na ilipokuja yule mtu alikuwa amesogea kidogo kushoto na nyuma yake kulikuwa na njia nyembamba. Tulingoja nyingine tena. Mama wa saiba alisema hizo dakika hatazihesabu.

Tulifika kijijini siku nne baadaye, jioni, tukiwa tumechoka kwa ndege mbili, treni na basi, na mvua ya uvuguvugu ilikuwa imepita. Chini kote palikuwa na matope. Weupe ulikuwa umebaki juu mlimani tu na kwenye vivuli vya nyumba. Rafiki yangu aliomba msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyeiyeyusha. Baba aliokota kipande kichafu kando ya ukuta, akakifinya, akakinusa, akasema, "Ni kizuri," akaingia ndani kupika ugali.

Kesho yake ile mashine kuukuu ilitupandisha mpaka palipobaki theluji. Jirani mwenye mbao, mzee wa umri wa Baba, alimfunga viatu akamshika mkono. Hawakuwa na lugha moja. Baba aliteleza kama hatua kumi akiwa amenyooka kama mlingoti, kisha akakaa chini polepole, kwa heshima zake. Mtoto wa miaka minne hivi akapita kando yetu kwa kasi, hana hata fimbo za kujishikilia. Baba alimfuata kwa macho mpaka akapotelea chini. "Huyu amezaliwa na mbao miguuni," akasema. Alijaribu mara tatu zaidi, akatosheka.

Siku ya tano, baada ya chakula cha mchana, nilikuwa naosha sahani niliposikia mlango wa nje. Nikachungulia. Baba alikuwa amesimama katikati ya uwanja, mikono imelegea, uso ameuinua. Theluji ilikuwa inaanguka, nene, polepole, imejaa hewani kote mpaka mlima hauonekani. Nikatoka bila koti.

"Baba, ingia uvae."

Akaniinulia kidole ninyamaze. Nikasimama kando yake. Ilichukua muda kabla sijaelewa anasikiliza nini. Kwetu mvua ikija unaisikia kutoka mbali, inakuja na upepo na vumbi, inapiga mabati mpaka mnazungumza kwa ishara. Hii ilikuwa inajaza dunia yote mbele yetu, inafunika gari, ua, njia, na haikutoa sauti hata ya kupumua.

"Kubwa namna hii," Baba akasema kwa kunong'ona, "na haigongi mlango."

Theluji ilikuwa imetua kwenye kope zake. Akaendelea kuzungumza, taratibu, akitazama juu: kwamba Mama asingekubali kutoka nje, angesimama pale mlangoni na shuka mabegani akituambia sisi ni wazimu, halafu angeomba aletewe kidogo kwenye bakuli. Hakuwa amelitaja jina la Mama mbele yangu tangu tulipomzika. Sasa alinieleza jinsi walivyokutana, na mvua ya siku hiyo, na mambo mengine ambayo sikuwahi kuyasikia. Miguu yangu iliganda ndani ya viatu vya nyumbani. Sikusogea, nisije nikamkatiza.