Mgeni Hachimbi Mfereji

Huu ni mwaka wa saba nalima vitunguu hapa Baray, na bado naitwa mgeni. Mimi na mume wangu tulitoka Singida kuja kufanya kibarua cha kuvuna, tukakodi shamba, tukabaki. Majirani zetu Wairaqw ni watu wema kupita kiasi, na wema huo ndio ulionichosha.

Mfereji ukijaa tope, wenye mashamba hutoka na majembe kuuzibua. Asiyechimba hana zamu ya maji, hakuna cha mjomba wala shangazi. Lakini kila nikitokea na jembe langu, mama mmoja mtu mzima, ambaye shamba lake limepakana na langu huko mwisho wa mfereji, hunipokonya. Mgeni hachimbi, husema. Mgeni hukaa kivulini akapewa uji. Basi nakaa, nakunywa. Zamu zikigawiwa, nashukuriwa kwa kuja na kuambiwa nisubiri masalia. Heshima gani hii ya kumuua mtu kwa kiu?

Mwaka huu vitunguu vilianza kunyauka kabla hata havijanenepa. Vikifa, tunafungasha kurudi Singida. Uvumilivu uliniisha. Nikawapitia wapangaji wenzangu wa mashamba, waliotoka Singida na Dodoma, wote wamekalishwa kivulini kama mimi, na asubuhi tukaingia mferejini kabla ya wenyeji.

Yule mama alipofika, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye jembe langu.

“Mama,” nikamwambia, “ukinipokonya jembe unanipokonya shamba.”

Akauachia mpini. Nadhani hakuwahi kuliwaza hilo hata siku moja. Kisha akashuka kwenye tope, akachimba kando yangu.

Miaka yote watu walikuwa wakichoka katikati, wakaacha sehemu ya chini kama ilivyo. Safari hii tulikuwa wengi, tukafika mwisho. Jioni maji yakaingia shambani kwake, akasimama ndani yake, kanga imelowa mpaka magotini.

“Kumbe tulikuwa tunajinyima wenyewe,” akasema.

Hasira zangu zilikuwa bado. Nikamjibu kwamba ningefurahi zaidi angeligundua hilo kabla majaruba yangu mawili hayajakauka.

Alichota tope kwa jembe, akaziba mlango wa maji wa shamba lake mwenyewe, na maji yote yakageukia kwangu. Nikachukua jembe langu kwenda kuyapokea.