Chupa Arubaini na Nane za Bi Mwanawema

Mtu akifika Mkanjuni, kitongoji chetu kilichopo chini ya Wambaa, kisiwani Pemba, akasema amekuja kufanya utafiti, haulizwi utafiti wa nini. Anaoneshwa tu nyumba ya Bi Mwanawema Abrahman, ile yenye mlango wa kijani karibu na kisima. Huko atapewa kiti, na kabla hajamaliza kutaja jina lake atakuwa ameshika bilauri ya maji. Kwetu ndivyo. Mgeni hunywa kwanza, haja yake husikilizwa baadaye.

Watu wamempa jina la Bi Utafiti. Mwenyewe halimuudhi.

"Miye nimeishia darasa la tano," huniambia, "lakini hao maprofesa unaowasikia, matope ya bonde lile nimewavusha miye, wengine kwa kuwashika mkono kama vijukuu."

Ni mjane wa miaka hamsini na nane, mwembamba, mwenye kutembea upesi hata huoni kwa nini ana haraka. Anaishi na binti yake Ummkulthum, ambaye mumewe yuko Unguja kazini, na ambaye mambo haya yalipoanza alikuwa na mimba ya miezi minne. Mimi ni jirani yao, nasoma kidato cha tatu, na tangu nipate akili zangu sijaona mwaka ukipita bila mtafiti kwenye baraza ile.

Walikuja watu wa kichocho, wakataka konokono wa mtoni na mikojo ya watoto wa skuli. Walikuja wawili wakakaa siku kumi na mbili shingo juu wakihesabu popo. Alikuja bwana wa lugha, akamrekodi Bi Mwanawema akitaja majina ya mvua na nyasi, akamtaka alirudie neno moja mara tisa mpaka bibi akamwambia, "Bwana, neno hili sasa limekwisha utamu." Walikuja wanawake wa mambo ya jamii na dodoso la maswali tisini: nani huamua kitakachopikwa, nani husema mkutanoni. Wengine walichimba nyuma ya msikiti wa zamani wakaondoka na vigae kwenye mifuko ya nailoni, kila kigae na namba yake. Akaja dada wa vyura. Akaja bwana wa minazi. Nahla, nesi kutoka Mkoani, yeye huja kila mwezi mpaka leo kupima presha za kina mama kwa ajili ya utafiti wa watu wa afya.

Siku moja nilimuuliza yule dada wa vyura kama anamjua bwana wa minazi, maana walipishana kwa wiki mbili tu. Hamjui. Nikamuuliza atakachokiandika kitakwenda wapi. Akasema kwenye jarida la watu wa vyura. Jambo hilo lilinikaa kichwani, kwamba duniani kuna jarida la watu wa vyura, na jingine la watu wa minazi, na jingine la watu wa presha, na huenda hakuna mtu hata mmoja anayeyasoma yote.

Aliyeyasikia yote alikuwa Bi Mwanawema.

Nililijua hilo Ijumaa moja alasiri, tukimenya muhogo uani kwake. Nilimwomba anisimulie watafiti wake, nikidhani nitacheka. Akaanza kwa mzaha, kisha mzaha ukamwishia.

"Wa vyura alisema upande wa chini wa bonde hapati chura hata mmoja, na huku juu wamepungua nusu. Wa minazi akasema ile iliyokatika vichwa haikuliwa na mdudu, ila hakuniambia imeliwa na nini. Wale wa popo, mmoja alinionesha miche ya mikoko imeota ndani ya jaruba langu la mpunga. Nikamwambia bwana we, hiyo imepotea njia. Akacheka. Miye sikucheka."

"Na Nahla?"

"Nahla asema presha za hapa zapanda kila mwaka. Hata za vijana."

Alisema hivyo na kisu kimesimama kwenye muhogo. Mimi nikakumbuka kwamba wiki ile ile mwalimu wetu wa kemia alikuwa ametufundisha kwamba maji yenye chumvi nyingi hayatoi povu la sabuni. Nilikuwa nimeyajaribu ya kisima chetu nyumbani. Sabuni iliganda juu kama maziwa yaliyoharibika.

Nikamwambia. Kisha nikamuuliza kitu nilichodhani ni kidogo.

"Sasa, Bi Mwanawema, mbona chupa za Abdulnasir zasema maji ya kisima ni matamu?"

Abdulnasir ni mtafiti wa maji, kijana wa Unguja, mpole, mwenye miwani. Alikuja miaka minne nyuma kuchunguza kama bahari inaingia chini ya ardhi kwenye visima vya pwani. Siku ya kwanza alipima kisima chetu mwenyewe, na kweli wakati ule kilikuwa kitamu. Kisha akamwachia Bi Mwanawema katoni ya chupa ndogo zenye vibandiko. Kila mwezi mosi ajaze moja, aandike tarehe, gari yake ipite kuichukua. Miezi arubaini na nane, chupa arubaini na nane. Hakukosa hata mwezi mmoja, hata ule aliofiwa na kaka yake. Abdulnasir alikuwa akimsifu mbele za watu kwamba laiti watafiti wote wangekuwa na mtu kama huyu, na kwamba kila chupa ya kwetu inatoka tamu.

Bi Mwanawema aliinuka, akaingia ndani, akatoka na bilauri mbili za maji, akaziweka mbele yangu. Nikaonja ya kwanza. Ilikuwa tamu, baridi. Nikaonja ya pili, ile ile tunayokunywa nyumbani, na baada ya utamu ule nikaitema bila kutaka.

"Hiyo ya kwanza ni ya mtungi wa wageni," alisema. "Huyateka chemchemini kule juu, mwendo wa saa nzima, ndoo mbili kwa siku na haizidi. Tangu kisima kilipoanza ladha ya chumvi, sijampa mgeni maji ya kisima. Nani anayempa mgeni maji yale?"

"Na chupa?"

"Chupa ni za mgeni, Yumna."

Alisema polepole, kama mtu anayejisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Chupa zilikuwa za Abdulnasir, zina jina lake. Alipokuja tena aliuliza, "Maji yenu vipi, Bi?" naye ameshika bilauri, ametoka kuyanywa. Utamwambiaje mtu maji ni mabaya naye angali anayameza? Alijibu, "Mazuri, alhamdulillah." Na akishasema mazuri, atapeleka chupa gani?

Ummkulthum alikuwa akifua pale karibu, miguu ameinyoosha kwa sababu imemvimba. Aliinua uso.

"Mama," alisema, "kwani siye twanywa yepi?"

Walikuwa wakinywa ya kisima. Matamu yalikuwa ya wageni.

Wiki iliyofuata sheha wetu, Mzee Talib, alitangaza mkutano wa mrejesho kwenye ukumbi wa madrasa. Abdulnasir anakuja kusoma matokeo, na kwa matokeo hayo mradi wa maji utaamua bomba la maji lifike vitongoji vipi. Bi Mwanawema alikwenda akiwa amevaa buibui lake jipya na hakusalimiana na watu sana. Nilikaa nyuma yake. Niliona vidole vyake vikipapasa ukingo wa mkeka.

Abdulnasir alibandika ukutani karatasi yenye mistari minne ya chumvi, kila mstari kitongoji. Mitatu ilipanda kama ngazi. Wa kwetu ulilala, umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

"Mkanjuni, mna bahati," alisema akitabasamu. "Kisima chenu hakijaguswa. Bomba litaanzia kwa wenzenu watatu. Nyinyi mko salama."

Kina mama wakatazamana. Mzee Jaribu, anayekaa mwisho wa kitongoji, akainua mkono.

"Mwanangu, miye chai yangu huitia sukari vijiko vinne, na bado yataka kuniambia ni mchuzi."

Watu wakacheka. Abdulnasir naye akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, ulimi si kipimo. Ulimi huzeeka. Hizi ni sampuli arubaini na nane."

Bi Mwanawema akasimama. Kwa miaka yote aliyowatembeza watafiti, hakuwahi kusimama kwenye mkutano. Wale wanawake wa dodoso waliandika hivyo hivyo, kwamba wanawake wa hapa hawasimami.

"Sampuli hazikutoka kisimani," alisema.

"Samahani, Bi?"

"Zimetoka chemchemini. Zote, mwanangu. Ukiondoa zile tatu nne za mwanzo. Niliona haya kukupa maji yetu."

Abdulnasir alivua miwani. Hakuivaa tena mpaka mwisho. Sheha Talib akaangalia chini. Nyuma, mtu akasema, "Basi chupa zimekunywa tamu na siye tumekunywa chumvi," na mara hii hakuna aliyecheka. Mama mmoja ambaye mimba yake iliharibika mwaka jana alianza kulia bila sauti. Hakuna aliyejua kama yale yanahusiana na haya. Hakuna aliyeweza kusema hayahusiani.

Tukateremka kisimani sote. Abdulnasir alitoa mashine yake, ndogo kama kalamu nene, akaichovya kwenye ndoo. Namba zikaanza kupanda. Zikafika pale alipotuambia ukutani kwamba ndipo mwisho wa maji ya kunywa, zikapita, zikaendelea. Akaisuuza mashine, akapima tena. Akapima mara ya tatu.

"Nambie kitu kimoja," Bi Mwanawema alimwambia. Hakuwa akiomba msamaha, hakuwa akilia. "Hii chumvi yaja mbio au yaja polepole? Maana bahari iko pale. Miche ya mikoko iko jarubani kwangu. Tuna miaka mingapi?"

"Ningelijua hilo kwa chupa zako," alisema Abdulnasir.

"Na sasa?"

"Sasa nina namba ya miaka minne nyuma, na ya leo. Pengine imepanda kidogo kidogo tangu hapo. Pengine ilitulia, na imeruka miezi mitatu hii tu. Kama imeruka... Sijui, Bi. Katikati hapa hakuna kitu. Hatutajua."

Nilidhani mtu akishasema kweli mambo hunyooka. Ndivyo tunavyofundishwa. Lakini orodha ya bomba ilikwishapelekwa, na Sheha Talib aliporudi kutoka mjini baada ya siku nne alisema kitongoji hakiingizwi kwa maneno ya mkutano. Watu wa mradi wanataka vipimo. Vipimo vya mwaka mzima angalau, vya kweli.

Mzee Jaribu alimuuliza, "Uliwaambia tunakunywa?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wakasema wanasikitika, na tusinywe."

Katoni mpya ya chupa ikaletwa. Bi Mwanawema anajaza kisimani sasa, mbele ya watu wawili wanaotia saini, na yeye ndiye aliyetaka hao mashahidi. Wapo wasiomsalimia. Wapo wanaomsalimia kwa sauti kubwa kupita kiasi, nadhani hiyo inamuuma zaidi. Maji ya chemchemi yote anampa Ummkulthum, lakini kaskazi imeingia na chemchemi inatoa ndoo moja kwa siku, tena yenye udongo. Alitaka kumpeleka Konde, mbali kaskazini, kwa shangazi yake mpaka ajifungue, Nahla akakataa, akasema kwa presha yake ilivyopanda asitikiswe barabarani.

Mwezi uliopita wametokea watafiti wapya, wawili, wa mambo ya mila. Walitaka kujua namna Wapemba wanavyowakirimu wageni. Bi Mwanawema aliwapa viti. Akawaambia maji hana.

Juzi Abdulnasir alipiga simu na majibu ya chupa ya tatu. Bibi aliweka simu kwenye spika ili nami nisikie, maana zile namba ananiamini mimi kuzielewa. Zilikuwa juu kuliko za pili, na za pili zilikuwa juu kuliko za kwanza.

"Kwa hivyo yaja mbio," alisema.

"Siwezi kusema hivyo bado, Bi. Ni nukta tatu tu. Nukta tatu hazitoshi kuchora mstari."

"Zatosha ngapi?"

"Kumi na mbili, kwa uchache."

"Haya, mwanangu. Siye twanywa huku tukingoja nukta."

Hakusema kwa hasira. Alikata simu, akakaa akiangalia mlangoni, kwa sababu Ummkulthum alikuwa akirudi kutoka kituo cha afya, anatembea kwa kusimama simama, kadi ya kliniki mkononi. Alimpa mama yake kadi, na mama yake akanipa mimi niisome.

Kwenye nafasi ya tarehe ya kurudi, Nahla alikuwa ameandika mwezi mmoja, kama kawaida. Kisha akapiga mstari juu yake, na pembeni, kwa wino mwekundu, akaandika siku tatu.