Darasa Moja, Ngoma Mbili

Mimi Flora ndiye niliyewapikia uji watoto wa chekechea pale Nkololo. Nayasema niliyoyaona kwa macho yangu, na mpaka leo yananikera.

Mwalimu wao aliitwa Mektilda, mzaliwa wa Shishiyu aliyeolewa kwetu. Hakuwa mwalimu wa kuimbisha a, e, i, o, u mpaka koo likauke. Watoto wake walifinyanga ng'ombe wa udongo wakawajengea zizi la vijiti, huku akiwaeleza jinsi mababu zao walivyohama na mifugo. Walitengeneza ngoma kwa makopo na ngozi ya ndama, wakacheza na vijembe vya mbao. Hata mtoto wa jirani yetu Kwandu, mtoto tuliyedhani ni bubu, aliimba.

Lakini ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi wa pamba wa kila aina walijaa vijijini, na kila mzazi akataka mwanawe ajue Kiingereza kabla hajang'oa meno ya utoto. Kijana mmoja wa Bariadi mjini akasema yeye atawafundisha. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Anatoli, akaita wazazi waje waone kazi ya Mektilda, halafu waamue abaki au aondoke.

Siku hiyo watoto walikuwa wengi, ngoma zilikuwa mbili. Basi Mektilda akawapanga mistari miwili, kila mstari na ngoma yake. Hata mimi sikushtuka, ilhali nilipaswa kushtuka. Kwetu ngoma mbili zikilia uwanja mmoja ni mashindano, chama cha ngoma cha Bagika huku, cha Bagalu kule, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi.

Wimbo wa kwanza haujaisha, mzee Luhaga wa Bagalu akavuka na watu wake kwenye mstari wa kulia. Masunga wa Bagika akawakusanya wake kushoto, akamnyang'anya mtoto ngoma aipige mwenyewe. Mtu mzima na ndevu zake! Watoto wakabaki wamesimama na vijembe, wengine wanalia. Ng'ombe wa udongo wakakanyagwa, na hakuna aliyeinama kuwatazama.

Anatoli alipowanyamazisha, kila upande ukadai mwalimu ameupendelea ule mwingine. Walikubaliana jambo moja tu, kwamba aondoke. Kwa hasira niliyokuwa nayo, uji niliuacha ukaungua.

Yule kijana wa Bariadi akachukua darasa, watoto wakawa wanakaa tu na kuitikia "kau, kau" mbele ya picha ya ng'ombe asiye na nundu. Wazazi wakapiga makofi.

Baada ya mavuno ya mwaka ule, mimi na Mektilda tukiwa shambani tunang'oa mabua ya pamba, mzee Luhaga akatufuata.

"Mwadila, mwalimu," akasalimia. "Mashindano ya ngoma yamekaribia. Wale watoto uliwanoa vizuri. Tufundishie wa kwetu, tuwapige Bagika."

Mektilda hakuacha kung'oa.

"Wa kwenu ni wepi, mzee wangu? Mimi nilikuwa na darasa moja."

Mzee akaona ameulizwa kweli, akaanza kumtajia majina ya watoto wa Bagalu, mmoja mmoja.