Kitunga cha Kupanda nacho Fizi

Kwetu, anayepanda milimani Fizi kutoka ziwani hubeba samaki, na anapoteremka haruhusiwi kurudi na kitunga kitupu. Atawekewa maharage, unga wa muhogo, hata ndizi mbili tu. Miaka mitatu iliyopita, baada ya matanga ya baba, dada yangu mkubwa alinirudishia kitunga kitupu, tena kimeoshwa vizuri. Alikiosha ili nielewe.

Kosa lilikuwa langu. Mbele ya waombolezaji alisimulia jinsi baba alivyotuvusha ziwa wakati wa vita, akipiga kasia peke yake. Mimi, mwenye diploma ukutani, niliinua mkono kama mwanafunzi wa dawati la mbele, nikasahihisha: baba hakushika kasia, alilala ndani ya mtumbwi akitapika hadi ng'ambo. Watu walicheka. Dada aliketi. Hatukuzungumza tena.

Tangu hapo, kila Bonane, yaani mwaka mpya, naandika kwenye daftari mambo nitakayobadilisha. Mwaka huu nilipolipitia niligundua kwamba jambo la kwanza ni lilelile miaka yote mitatu, "kusikiliza", kwa mwandiko unaozidi kupendeza. Sikuona maendeleo mengine. Nyumbani asubuhi hiyo aliyenitakia Bonane ni redio. Nikanunua ndakala wakavu, dagaa wa kwetu, katika soko la mji wetu wa Baraka kando ya ziwa, nikapanda pikipiki ya abiria kuelekea milimani kwa dada.

Dada alitoka jikoni, akatazama kitunga kabla ya kunitazama mimi.

"Prof, umepotea njia?"

"Bonane, yaya." Kwetu dada mkubwa huitwa yaya hata akiwa amekununia.

"Bonane. Ikala basi. Bukari iko karibu kuiva."

Nikaketi, tukala bukari, ugali wetu wa muhogo, pamoja na wajukuu wake. Mmoja akaomba hadithi ya ziwa. Dada akaisimulia akinikazia macho. Safari hii baba alipiga kasia kwa mkono mmoja, maana kwa mkono wa pili alikuwa amenipakata mimi. Nilikuwa na miaka kumi na minne wakati ule, na miguu mirefu kuliko ya baba. Nilikanda tonge la bukari hadi likapoa.

"Prof, nimesema mubaya?"

"Hapana, yaya. Endelea."

Aliniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Uko mugonjwa?"

"Niko muzima."

"Basi umezeeka."

Wajukuu wakacheka, naye akacheka, na baba akafika ng'ambo salama bila kutapika hata mara moja.

Wakati wa kuondoka aliingia ndani na kitunga changu. Nilisimama kando ya pikipiki nikijadili matairi na dereva, mimi nisiyejua lolote kuhusu matairi. Kitunga kilirudi kizito: maharage hadi juu, na unga chini yake.

"Ya bibi na batoto," alisema. "Ubasalimie sana. Najua batoto banakula."

Mke wangu alihamia Uvira na watoto mwezi wa Septemba. Majirani nimewaambia ni kwa ajili ya shule. Dada sikuwa nimemwambia chochote, maana tulikuwa hatuongei. Nilifungua mdomo. Alikuwa bado anashindilia maharage kwa kiganja ili yasimwagike njiani, uso wake umekunjuka.

"Nitabasalimia," nikasema.

Wakati wa kuteremka nilijipongeza: mara mbili kwa siku moja sikumsahihisha mtu. Tulipokaribia Baraka pongezi zilianza kupungua. Pale kwenye bukari nilinyamaza kwa ajili yake. Pale kwenye pikipiki nilinyamaza kwa ajili yangu mwenyewe, na daftari langu halina mstari wa jambo hilo.

Jioni nilipika kikombe kimoja cha maharage kwenye sufuria ya watu sita, kwa kuwa ndiyo pekee iliyoachwa. Yaliyobaki yatanifikisha Pasaka. Sitaki yafike huko. Kitunga nimekitundika karibu na mlango, na siku nitakayokirudisha Fizi na ndakala, itabidi nimwambie dada ni nani amekuwa akila.