Gari la Shemeji Katika Milima ya Wino

Mke wangu ana imani moja ambayo mahubiri hayajawahi kuigusa: mtu asiyeonekana kwenye ukuta wa sebule hayumo katika ukoo. Kwa hiyo kila ndugu aliyetutembelea hapa ughaibuni, Buffalo, alikuja na picha yake, na kila picha ilipata msumari. Mwaka ambao binti yetu alimaliza sekondari, ukuta ulikuwa umejaa hadi juu ya mlango. Shangazi mmoja alining'inia kando ya king'ora cha moshi, na kila tulipokaanga samaki ungedhani ni yeye anayepiga kelele.

Katikati ya msongamano huo kulikuwa na picha moja tu isiyo na ndugu. Nilipewa na mzee Mchina wa ghorofa ya juu, mwenzangu wa darasa la Kiingereza. Maisha yake yote alichora kwa brashi na wino mweusi. Hii ilikuwa milima, misonobari, daraja dogo, na katikati ukungu, yaani karatasi nyeupe ambayo hakuigusa kabisa. Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, akaniambia hatachora nyingine. Jumapili angehamia Amherst kwa binti yake, na aliomba kitu kimoja: kabla ya kuondoka ashuke aione ukutani kwetu. Nilimwahidi. Nilimpenda yule mzee, na sikutaka aende akidhani kazi yake ya mwisho ameitupa.

Jumamosi wakafika wageni wa sherehe ya binti kumaliza shule. Mama mkubwa wa mke wangu alitoka Louisville na picha yake ya siku ya kuapa uraia, bendera mkononi. Shemeji, kaka wa mke wangu, alitoka Columbus na picha akiwa ameegemea gari lake. Gari lilionekana vizuri kuliko yeye. Mimi nilikuwa kazini Lackawanna, kwenye ghala, wala hakuna aliyenipigia simu kuniuliza.

Niliporudi, shemeji alinieleza, kwa Kiswahili cha kwetu na kwa utulivu wa mtu aliyefanya jambo la maana.

"Bon, sawa, ukuta ilijaa. Lakini mule ndani kuko nafasi mingi, ule muzee aliiacha bure."

Walikuwa wamebandika picha zao juu ya mchoro kwa gundi ya shule ya watoto. Mama mkubwa na bendera yake alikuwa juu ya kilele. Shemeji alikuwa ameegesha kati ya misonobari. Na kwenye ukungu, peke yake, alikuwa mama mkwe wangu, katika picha ndogo ambayo mke wangu aliitunza ndani ya Biblia tangu tulipokuwa kambi ya wakimbizi. Hasira zilinipanda, lakini kabla sijajua nianze na nani, mlango ukagongwa.

Mzee aliingia amevaa shati lililopigwa pasi. Alikwenda moja kwa moja hadi mbele ya picha. Hata shemeji, ambaye hajawahi kukosa maelezo, alianza kusoma maandishi ya chupa ya soda. Binti yangu akamwomba radhi kwa Kiingereza chake kizuri. Mzee akajibu kwamba picha imeharibiwa, kisha akaweka kidole juu ya gari.

"Huyu atoke," akasema kwa kile Kiingereza chetu cha darasani. "Mlimani kwangu hakuna barabara."

Nilimbandua shemeji, akatoka na nusu ya msonobari. Mzee alisema afadhali mti uende kuliko gari libaki. Mama mkubwa alijibandua mwenyewe, kwa heshima zote za raia. Kidole kikahamia kwenye ukungu. Akauliza huyu ni nani.

"Ule ni mama yangu," mke wangu akasema. "Alikufia kule, sisi tuko huku. Sikumuzika."

Binti akatafsiri. Mzee akatoa pochi, na ndani ya pochi picha ya mwanamke iliyochakaa pembeni, mkewe aliyemwacha kaburini nchini kwao. Alisema kuta za binti yake Amherst ni nyeupe, na binti hapendi misumari. Akaomba gundi.

Mkono wake ulitetemeka mno, kwa hiyo mke wangu ndiye aliyembandika yule mwanamke, kando ya mama yake. Shemeji bado hupiga simu kutoka Columbus kuuliza imekuwaje bibi wa Kichina ameingia kwenye ukoo na yeye katolewa.