Cheti cha Jirani Yangu

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli, na Ifakara ya miaka ile fundi baiskeli alikuwa mtu. Mwalimu alikuja kwake, padri alikuja, mvuvi mwenye tenga la perege nyuma alikuja. Banda lake lilikuwa mtaa wa Lipangalala, mbele ya nyumba yetu, na kutwa lilijaa vicheko. Waliomzunguka wangekuambia fundi ni mcheshi kweli. Mimi niliyelala naye nilijua kuwa yule bwana hawezi kumtazama mtu usoni akamwambia la moyoni. Mpe spana mkononi, ataongea. Mkalishe kwenye kiti na umwulize swali, basi, umemfunga mdomo. Hata aliponiambia ananitaka alikuwa anaziba pancha ya baiskeli ya kaka yangu, macho yakiwa kwenye kiraka. Nikadhani anamwambia kaka habari ya gundi.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akamdhania vibaya. Nina hasira naye mpaka leo, lakini mtu mbaya hakuwa.

Tulifunga ndoa kanisani, na mtoto hakuja. Wenzangu tuliofunga ndoa msimu mmoja walishakuwa Mama Fulani na Mama Fulani, mimi nikabaki Mke wa Fundi. Mama mkwe alikuja kutoka upande wa Mahenge kila baada ya mavuno, na kila alipokuja alikuja na mizizi kwenye fundo la kitenge. Nilichemsha, nikanywa. Nilikunywa vitu vichungu ambavyo hata mbuzi angekupa kisogo. Mwishowe nikachoka, nikaenda hospitali mwenyewe, nikapimwa kila anapopimwa mwanamke. Wakaniambia: wewe huna tatizo, sasa mlete mwenzio.

Mlete mwenzio! Kana kwamba ni debe la mahindi, nijitwike kichwani nije nalo.

Nilimwambia. Akasema, "Sawa, nitakwenda," akatoka nje kupanga spoki. Nikamwambia tena mwezi uliofuata, akasema sawa. Ile sawa yake niliichukia kuliko tusi.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mkunga wa hospitali, mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita watu toka barabarani. Alinizidi umri kidogo. Mimi nilimwita dada, yeye aliniita mdogo wangu, na mume wangu alikuwa shemeji yake, wakitaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Kwenye wodi yake ya wazazi alikuwa amechoka kuwaona wake waliokosa watoto wakiletwa na mama wakwe zao, wanazungumziwa kama hawapo. Akaanza kuwaweka pembeni baada ya zamu na kuzungumza nao, wao na waume zao. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa. Habari zikasambaa, watu wakawa wanatoka mpaka Masagati, huko mbele ya Mlimba, kuja kumtafuta.

Mimi sikumtafuta, alinitafuta yeye. Na kwa mume wangu aliingia kwa njia ambayo mimi, mke wake, sikuwahi kuiwaza. Alileta baiskeli yake bandani jioni wateja wakishapungua. "Shemeji, hii inalia, sijui nini." Haikulia kitu. Fundi aliigeuza miguu juu, akazungusha gurudumu, akajua haina ubovu, lakini akachukua spana akaanza kulegeza na kukaza. Dada alikaa kwenye tairi kuukuu, mgongo akimpa nusu, anatazama barabara. Wakaongea. Mimi nilikuwa ndani nikichambua mchele, nikasikia sauti ya mume wangu ikisema mambo ambayo sijawahi kuyasikia: jinsi baba yake alivyotukanwa kilabuni kwa kuchelewa kuzaa, jinsi anavyoogopa kuambiwa ni yeye. Jamani, nililia juu ya ungo. Nililia kwa furaha, niseme ukweli, na wivu kidogo.

Baiskeli ile ililetwa mara nyingi. Majirani wakacheka kwamba mkunga ana baiskeli ya shetani, haiponi. Nikawa nacheka nao, maana nilijua inaponya nini.

Nilikuwa na haraka kwa sababu mama mkwe alikuwa ameshatangaza. Tukishavuna, ukoo ungekaa kikao. Msichana alikuwa ameshaonekana, wa kijiji cha kwao, na mimi ningekuwepo au nisingekuwepo, hilo halikuwa swali lao. Kitu kimoja tu kingewanyamazisha: mtoto wao akubali kupimwa, na kama ni yeye, ajulikane ni yeye, atibiwe. Dada alilijua hilo. Jioni moja mume wangu, kichwa kiko chini ya mnyororo, akasema, "Shemeji, nitakuja. Lakini uwe wewe. Tukitoka shamba nakuja."

Wiki hiyo hiyo hospitali ikamteua dada kwenda Dar es Salaam. Kulikuwa na mafunzo ya washauri wa watu wasiopata watoto, na atakayefaulu angepewa cheti cha kutambuliwa kama mshauri kamili. Pamoja na uteuzi likaja agizo: mpaka apate cheti hicho, asimshauri mtu yeyote, wodini wala nyumbani. Nilimsindikiza stesheni usiku, tukasubiri treni ya TAZARA ambayo kama kawaida yake ilikuja ilipotaka. Nikamwambia, "Dada, nenda ukailete hiyo karatasi upesi." Akacheka, "Mdogo wangu, nikirudi mtaniita daktari."

Sisi tukashuka Michenga shambani. Mwaka ule mpunga ulikubali. Nilikata na kupura nikiimba nyimbo za kwaya, mume wangu akinitazama na kutabasamu kama tulipokuwa wachumba. Nilikuwa na matumaini mpaka nikajishtukia.

Aliporudi dada nilichinja jogoo. Wanawake wa mtaa walipiga vigelegele, cheti kikapita mkono kwa mkono, kila mtu anakishika pembeni asikichafue. Mimi sikuwa na wivu wowote. Walipoondoka nikamwambia, "Haya dada, shemeji yako yuko tayari. Kesho ulete baiskeli, au aje kwako?"

Yule mwenye sauti ya barabarani akashusha sauti.

"Mdogo wangu," akasema, "nyie siwezi kuwapokea."

Nilidhani ananitania. Akanieleza polepole. Mshauri mwenye cheti hamshauri ndugu yake, rafiki yake wala jirani anayekula naye. Ni kanuni, ameitia saini. Na mazungumzo hufanyika chumbani, mlango umefungwa, si barabarani juu ya matairi. Hospitali imeleta kijana mwenye cheti kama chake, mgeni kabisa, hajui mtu. Yeye ndiye atakayetuona, siku ya Alhamisi.

"Dada, Ifakara hii nani si jirani wa nani?" nikamuuliza. "Wale wa Masagati uliowalaza kwako ukawapa na uji, si watu wako? Utamshauri nani sasa, mamba wa Kilombero?"

"Kule walituonyesha, mdogo wangu. Mshauri aliyewashauri rafiki zake, siri ikatoka, ndoa ikavunjika, mtu akajinyonga. Mimi nikikosea kwenu nitaishi wapi?"

Nikamwondokea bila kuaga. Nimeyafikiria maneno yake miaka mingi na sioni uongo ndani yake. Kanuni ile ina maana, tena maana nzuri. Ilitungwa tu na watu wanaokaa mahali ambapo ukifunga mlango jirani hajui uliingia na nani.

Nilimweleza mume wangu. Akauliza swali moja: "Amekataa?" Nikasema hajakataa, ni kanuni. Akasema, "Sawa."

Alhamisi alivaa shati la harusi. Naapa alivaa. Tukaenda wote wawili. Chumba kipya cha ushauri kilikuwa mwisho wa korido ya wagonjwa wa nje, na ili watu wasipotee, juu ya mlango walikuwa wamepiga ubao wenye herufi nyekundu: USHAURI KWA WASIOPATA WATOTO. Chini yake benchi. Chumba chenyewe kilikuwa cha siri kabisa, kuta nene, pazia zito, lakini ili ufike kwenye siri hiyo ukae kwanza chini ya ubao ule. Na korido nzima ni wateja wa mume wangu. "Fundi, vipi, unaumwa?" Akasoma ubao yule aliyeuliza, akajifanya anakohoa. Mwingine akapita, "Fundi, pedali yangu ..." naye akasoma. Mume wangu alikaa ameshika magoti. Mikono yake haikuwa na kitu cha kushika. Nikamwambia, "Vumilia, baba, tunaitwa sasa hivi." Akasimama, akatoka nje taratibu kama mtu anayekwenda kujisaidia. Nikakaa pale nikimsubiri mpaka yule kijana akafungua mlango akaita, nikaingia peke yangu. Alikuwa kijana mpole, akanipa kiti. Akaniuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

Kikao cha ukoo kilikaa. Mimi niliitwa mwishoni, kuambiwa. Mume wangu alikuwa pale, akitazama mikono yake, na alipoulizwa akasema ile sawa yake. Hakuweza kumwoa yule msichana kanisani kwa sababu yangu, akamchukua hivyo hivyo, na kuanzia hapo akaacha kupokea komunyo. Nilikusanya vyombo vyangu nikapanga chumba karibu na soko, nikaanza kuuza mchele. Nani alinifukuza? Hakuna. Lakini kupika kwenye jiko moja na yule binti, hapana, mimi nina mdomo, tungeuana.

Ilipita misimu kadhaa. Dada alikuwa ananunua mchele kwangu, tunasalimiana, tunaulizana habari za watu wengine. Siku moja alikuja asubuhi mapema, bila kapu, akakaa kwenye gunia.

"Nimekuja kukwambia mwenyewe kabla hujasikia mtaani," akasema. "Kanuni imelegezwa. Tuliandika sana, sisi wa wilayani, wakatuelewa. Mahali penye washauri wachache naweza kumpokea jirani, mradi mwenyewe ataridhia. Na ule ubao tumeung'oa."

"Hongera," nikasema.

"Shemeji anakuja kwangu kesho. Na mkewe."

Nilikuwa na kikopo cha kupimia mkononi. Nikachota mchele, nikaumwaga, nikachota tena. Nilimuuliza kwa nini mwaka ule hakukosea tu mara moja, kwa ajili yangu, nani angejua. Akalia, mwanamke mzima yule, sokoni, watu wanatazama. Akasema, "Kila nikikiona kile cheti ukutani nakuona wewe." Nikajikuta ninamfuta machozi kwa ncha ya kanga yangu, mimi niliyepaswa kufutwa.

Baadaye nilimuuliza walimkuta mume wangu na nini. Kilikuwa kitu cha kutibiwa kwa vidonge? Cha kupasuliwa kidogo? Au ni Mungu tu? Akanishika mkono, akasema, "Mdogo wangu, hilo siwezi kukwambia." Na kweli hajaniambia mpaka leo.

Sikuhitaji kuambiwa. Mwaka wa pili, mvua za masika zilipokatika, yule binti alikuja sokoni, kanga imefungwa mgongoni. Angeweza kununua kwa wengine, meza ziko nyingi. Alikuja kwangu, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu mchele."

Akataka kuchagua, mtoto akawa anamsumbua mgongoni. Nikasema, lete nikushikie. Alikuwa mvulana, mzito, ametoka kunyonya. Alikuwa na masikio ya baba yake na ule mkunjo wa kidevu ambao nilikuwa nimeshauweka, kichwani mwangu, kwenye watoto wote niliowatarajia. Hakulia. Akanikamata kidole akakivuta mdomoni. Nikampakata mpaka mama yake alipomaliza kuchagua, nikasaidia kumfunga vizuri mgongoni, nikawaambia wapite salama.