Kopo Lililojaa Kabla ya Mapumziko

Nilianza kubeba ndizi kichwani kutoka Kibosho hadi Moshi mjini nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka ule bei ya kahawa ilipoanguka na baba akang'oa mibuni. Shule niliishia darasa la nne. Lakini miguu, mwanangu, miguu nilikuwa nayo! Ndiyo iliyoniingiza timu ya wanawake ya mpira wa magongo.

Kocha wetu, Bi Surinder, mama wa Kisingasinga mwenye duka la misumari mjini, alikuwa na namna yake ya kupima mbio. Kila mchezaji alikuwa na mtu wa kumhesabia, kakaa pembeni na kopo. Ukitimua mbio mara moja, harage moja linaingia: jekundu kipindi cha kwanza, jeupe cha pili. Mimi nilihesabiwa na dada yangu Aurelia.

Tulipocheza na Arusha, Bi Surinder alikuwa anachagua wa kwenda Dar na timu ya mkoa. Nikasema leo kopo langu litashinda yote. Nilikimbia! Mpira kushoto, mimi huyo; kulia, mimi huyo. Hata ulipotoka nje niliufuata mbio.

"We dada, unafukuza kuku?" beki wao akanicheka.

"Limejaa, Felista! Limejaa!" Aurelia alipiga kelele, na mapumziko bado.

Kichwa kikavimba. Bi Surinder akaniita nitoke nipumzike, maana kwenye magongo ukitoka unaruhusiwa kurudi, nikajifanya sisikii. Kipindi cha pili, tukiwa sare, yule yule wa kuku akanipita na mpira. Nikataka kumfuata, miguu ikagoma. Goli! Mechi ikaisha hivyo.

Bi Surinder alimwaga kopo langu juu ya kanga. Lundo jekundu, na meupe manne.

"Mama, si nimewashinda wote?"

"Umewashinda kuchoka. Nahesabu nijue wa kumpumzisha, siyo wa kumpigia makofi. Dar huendi."

Nililia njia nzima ya kupanda Kibosho. Lakini mechi iliyofuata nilimwita mwenyewe: "Mama, nitoe!" Nikapumua, nikarudi, na dakika za mwisho nikawapita mabeki wawili, nikafunga! Uwanja mzima ulisimama. Mwaka uliofuata, Dar nilikwenda.

Kwa hiyo, mwanangu, jipime ujue nguvu iliyobaki, usijipime ili usifiwe. Na anayekuona kutoka pembeni akikuita upumzike, toka. Utarudi.

Leo nina nyumba ya matofali, kihamba, shamba langu la migomba, ng'ombe watatu na pikapu moja. Mungu akujalie pumzi hadi filimbi ya mwisho.